Baba Anakuja Ijumaa

Kila asubuhi nyumbani kwa babu, kule Manga, vita vilianza kwa kikombe cha maziwa. Nyanya alikamua ng'ombe, akayachemsha maziwa kwenye sufuria nyeusi kwa moshi, kisha akamwekea mdogo wangu Kemuma kikombe mezani. Kemuma aliutazama ule utando wa malai juu yake, akakisukuma kikombe kwa kidole kimoja.

"Shosho, hii si maziwa. Maziwa hutoka kwa pakiti."

"Mimi si shosho," nyanya alimjibu. "Mashosho wako huko Nairobi. Mimi ni magokoro wako. Na hiyo maziwa imetoka kwa ng'ombe, si jana uliona na macho yako?"

"Ndiyo sababu siitaki. Niliona inatoka wapi."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Nyanya hakucheka, maana ndiye aliyeamka alfajiri kukamua.

Jina langu ni Emily. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Kemuma alikuwa anakaribia sita. Shule zilipofungwa mwezi wa Novemba, mama yetu, Linet, hakuwa na mtu wa kutuachia, kwa kuwa msaidizi wetu wa nyumbani alikuwa ameacha kazi na ofisi haikumpa mama likizo. Akatuleta Manga, katika kaunti ya Nyamira, kwa wazazi wa baba, Mzee Nyamongo na mkewe Edinah. Wazee hao walikuwa wamelea watoto saba wao wenyewe, kwa hiyo walidhani wawili hawangewatoa jasho.

Walikosea. Siku ya kwanza Kemuma alichomeka tableti yake kwenye waya wa sola, umeme ukaisha wote, na babu akakosa taarifa ya habari kwa mara ya kwanza tangu anunue redio. Siku ya pili alikataa kuingia chooni peke yake. Ikabidi nyanya awe anasimama nje ya mlango akiimba nyimbo za kanisa, ili Kemuma asikie kwamba hajaachwa. Jirani yetu, Mama Nyangate, aliuliza kama siku hizi nyanya ameanzisha maombi ya saa saba mchana. Na chinsaga, zile mboga chungu ambazo nyanya alizipika kwa ustadi na kuzitia maziwa, Kemuma alizionja mara moja, akauliza ni nani amekosea kupika.

Mambo hayo yalituchekesha. Lakini kulikuwa na jambo moja nyumbani pale ambalo halikumchekesha mtu yeyote.

Baba yetu, Job, alikuwa amefariki mwezi wa tano baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Alizikwa pale pale Manga, upande wa kulia wa nyumba, nyuma ya migomba. Mimi nilikuwepo. Nilishika udongo kwa mkono wangu, nikautupa. Kemuma hakuwepo. Aliachwa Nairobi kwa jirani, akaambiwa kwamba baba amesafiri kikazi. Mama alisema mtoto yule ni mdogo mno kwa habari kama hiyo, na kwamba atamwambia baadaye. Nami nikaonywa nisifungue mdomo. Hiyo baadaye ilikuwa haijafika.

Tulipoletwa Manga, wazee nao walikubali kuficha. Babu ndiye aliyemwambia Kemuma asivuke ile migomba, kwa kuwa nyuma yake kuna mizinga ya nyuki wakali. Babu ni mzee wa kanisa la Kisabato, na sijawahi kumsikia akidanganya hata bei ya ndizi. Aliyasema maneno hayo akitazama viatu vyake.

Kila jioni Kemuma aliuliza, "Baba atarudi lini?" Na kila jioni nyanya alikumbuka kitu alichokisahau jikoni.

Jumatatu ya wiki ya pili nilitumwa kisimani. Niliporudi na mtungi, nilimkuta Kemuma akirukaruka uani.

"Emily, baba anakuja Ijumaa," alisema. "Magokoro ameniambia. Alikuwa anaongea kwa simu, akakata, akaniambia nisilie, baba anakuja Ijumaa."

Niliutua mtungi. Nilimtazama nyanya mlangoni mwa jikoni. Alikuwa anachambua mboga na kutabasamu, ameridhika kwamba mtoto amenyamaza. Nilimkasirikia sana. Nilijiuliza mtu mzima anawezaje kumtajia mtoto siku kabisa. Lakini sikumuuliza. Habari za baba hazikutajwa katika nyumba ile, na mimi nilikuwa nimezoea kutozitaja.

Kesho yake, jogoo wa babu alimfukuza Kemuma kuzunguka ua. Kemuma alikimbia, akarukia mapajani mwa babu na kujificha ndani ya koti lake.

"Pole, baba," babu alimwambia huku akimpigapiga mgongoni. "Pole, baba. Nitamchinja huyo."

Kemuma alipotulia na kwenda zake, nilimuuliza babu kwa nini anamwita msichana baba.

"Kwani hujui?" babu alisema. "Hiyo jina Kemuma ni ya mama yangu mzazi. Alipokufa, mdogo wako akazaliwa, akapewa yeye. Kwa hivyo huyu ni mama yangu. Na sisi Abagusii, mama tunamwita baba."

"Mama ndiye baba?"

"Ndiyo. Na baba mzazi tunamwita tata. Ninyi watoto wa Nairobi mtatuua na kicheko." Akaanza kucheka. "Ndiyo maana nyanya yako anamwogopa Kemuma. Ni mama mkwe wake. Mama mkwe akikataa mboga yako, utafanya nini?"

Nilicheka pamoja naye, kisha nikakumbuka maneno ya Jumatatu. Nyanya hakuwa amedanganya. Mama ndiye aliyepiga simu, na mama ndiye aliyekuwa anakuja Ijumaa. Nyanya alikuwa amezungumza na mtoto kama alivyozungumza na watoto wake saba, kwa neno alilonyonya na maziwa. Yeye alisema baba akimaanisha mama, na Kemuma akasikia baba.

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Kemuma. Nawaapia kwamba nilikwenda na nia hiyo. Nilimkuta mezani na kile kikombe cha maziwa ambacho hakukimaliza asubuhi. Alikuwa amefumba macho na kubana pua, anakunywa maziwa yote pamoja na malai yake.

"Nataka baba anikute na nguvu," alisema, akajipangusa midomo.

Nikajiambia nitamwambia kesho. Nikimwambia kwamba anayekuja ni mama, ataniuliza baba yuko wapi, nami nimekatazwa kulijibu swali hilo. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Lakini jioni hiyo alikataa kuosha miguu, kama kawaida yake, na mimi nikasema, "Baba akikukuta na miguu hiyo atasemaje?" Hakuna aliyenifundisha maneno hayo. Kemuma alichukua beseni mwenyewe.

Tangu hapo nilikuwa nimepata dawa. Hataki chinsaga? Baba akija ataniuliza kama ulikula. Anaogopa choo? Baba hapendi waoga. Jumatano alibeba kuni tatu kutoka shambani, akaingia chooni bila wimbo hata mmoja. Alhamisi alikula ugali wa wimbi na mboga, akaomba aongezewe. Nyanya aliposhusha majani chai kwenye kituo cha kununulia, aliwaambia wanawake wenzake kwamba chinsaga zimemnyoosha mjukuu wa Nairobi ndani ya siku tatu, na wasiosadiki waje waone. Babu naye alinisifu. Alisema kwamba dada mkubwa akijua kazi yake, wazee hupumzika.

Nilipenda kusifiwa. Nasema kweli, nilipenda sana. Na nilipenda kumwona Kemuma akiwa na furaha, kwa maana tangu mwezi wa tano sikuwa nimemwona hivyo.

Alhamisi jioni aliniletea ndizi mbivu iliyoanza kuwa nyeusi. Alikuwa ameificha chini ya mto tangu Jumatatu ili ampe baba.

"Emily, bado baba ana ndevu?"

"Ndiyo," nilisema.

"Zile za kuchoma?"

"Zile zile."

Uongo wa safari ulikuwa wa mama, na uongo wa nyuki ulikuwa wa babu. Huo wa ndevu ulikuwa wangu mwenyewe.

Siku ya Ijumaa nyumba ya Wasabato haina nafasi ya mtu kukaa bure. Chakula cha kesho hupikwa siku hiyo, nguo hupigwa pasi, viatu hung'arishwa, maji hujazwa, na yote hayo yawe yamekwisha kabla jua halijazama. Babu alimchinja yule jogoo kama alivyoahidi, na Kemuma aliifanya kila kazi aliyopewa. Kufikia saa kumi alikuwa ameoga, amevaa gauni lake la kwenda kanisani, na amesimama langoni na ndizi yake mkononi. Nilimwita aje ndani. Akasema anangoja. Nilimwita tena, sauti ikanitoka vibaya, nyanya akaniuliza kama ninaumwa na tumbo.

Ndipo bodaboda ilipopanda kilima. Dereva alikuwa amevaa helmeti na koti kubwa, na mama amekaa nyuma yake na mifuko. Kemuma hakumtazama mama kabisa. Alimkimbilia yule dereva, akamkumbatia mguu kabla hata pikipiki haijazimwa.

"Baba," alisema. "Baba, nimekula chinsaga."

Dereva alivua helmeti. Alikuwa kijana wa hapo Manga, jina lake Onchiri, hana hata unywele mmoja kidevuni. Aliangua kicheko.

"Mimi ndiye baba?" aliuliza kwa upole. "Baba si ndiye huyu nimekubebea?" Akamwonyesha mama.

Kijana wa watu hakukosea. Alisema kama wasemavyo kwao. Lakini Kemuma alimwangalia mama, kisha akaangalia nyuma ya mama, kisha akazunguka pikipiki mpaka upande wa pili. Alitazama barabara yote hadi kwenye kona. Onchiri aliacha kucheka, ingawa hakujua kosa lake lilikuwa nini. Alishusha mifuko polepole, akaondoka.

"Umemwacha baba wapi?" Kemuma alimuuliza mama.

Mama alisimama kama aliyepigwa. "Nani amekuambia baba anakuja?"

"Magokoro. Na Emily. Emily alisema nikila mboga, baba atafurahi. Alisema bado ana ndevu."

Wote watatu walinigeukia, mama, babu na nyanya. Nyanya alifungua mdomo, kisha nikaona neno lake mwenyewe likimrudia. Alijishika kifua kwa mikono miwili. "Maskini mimi," alisema. "Mimi nilisema baba. Nilisema baba anakuja." Akaketi pale pale chini kwenye nyasi.

Mama alipiga magoti, akamshika Kemuma mabega. "Sikiliza, mpenzi wangu. Baba alipata kazi nyingi. Atakuja Krisma—"

"Linet," babu alisema. "Nyamaza, mwanangu."

"Ni mtoto mdogo, baba."

"Ni mdogo, lakini amesimama hapa langoni saa nzima. Unataka asimame tena mpaka Krismasi?"

Mama alimwachia Kemuma mabega. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Babu alimshika Kemuma mkono, wakaanza kutembea kuelekea kwenye migomba. Kemuma alifika hapo, akagoma.

"Kuna nyuki," alisema.

"Hakuna nyuki," babu alimjibu. "Nilikudanganya. Hapakuwa na nyuki hata siku moja. Nisamehe."

Sisi wengine tuliwafuata. Kaburi la baba lilikuwa bado ni tuta la udongo na msalaba wa mbao, na nyanya alikuwa amepanda maua ya manjano kulizunguka. Kumbe alikuwa anayamwagilia kila siku sisi tukiwa tumelala. Babu aliketi juu ya jiwe na kumweka Kemuma mbele yake. Nilimwona akitafuta neno. Katika kanisa letu watu husema marehemu amelala, na nadhani neno hilo lilimfika mdomoni, kisha akalimeza, kwa sababu mtoto humngoja aliyelala aamke.

"Kemuma, baba yako amekufa," alisema. "Hakusafiri. Aliugua, madaktari wakajaribu, wakashindwa. Tulimzika hapa."

"Amekufa kama yule jogoo?"

"Jogoo tulimchinja sisi. Baba yako aliuawa na ugonjwa. Lakini ndiyo, amekufa, hapumui wala hasikii maumivu."

"Atatoka lini?"

"Sisi tunaamini Mungu atamfufua siku moja. Siku hiyo hakuna anayeijua, na haiko karibu kiasi cha kuingojea langoni."

Kemuma aliitazama ndizi yake. "Basi nisimngoje?"

"Usimngoje, mama."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Alilia. Sikujua kwamba mtoto mdogo hivyo ana kilio kikubwa hivyo. Mama alimkumbatia, naye akakubali kukumbatiwa. Nilipojaribu kumshika mgongo, aligeuka na kunisukuma kwa nguvu zake zote, zile nguvu za maziwa.

"Wewe ulijua," alisema.

Nilirudi nyuma, nikajiegemeza kwenye mgomba, na pale ndipo mimi nami nilipolia. Tangu siku ya mazishi sikuwa nimemlilia baba, kwa kuogopa Kemuma asinione akauliza.

Sabato nzima hakuniongelesha. Asubuhi nilipoinama kumfunga viatu, alimpelekea nyanya miguu yake. Kanisani alikaa upande wa pili wa mama. Watu husema kwamba njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya siku tatu tu, lakini kuirudia kwa miguu kulikuwa kurefu.

Jumapili asubuhi babu alinichukua kuchuma chai. Tulichuma mstari mmoja, kisha nikamwambia yote. Nilimweleza kwamba nilijua maana ya lile neno tangu Jumanne, siku ile aliponieleza yeye mwenyewe, na kwamba nililitumia kumfanya Kemuma anitii.

"Wewe ulijua tangu Jumanne," babu alisema. "Mimi nilijua tangu mwezi wa tano. Basi ni nani aliyekosa zaidi?" Alitupa majani kwenye kapu lake. "Sisi wakubwa tulikupa mzigo ambao si wa mtoto. Tulikufundisha kunyamaza, halafu tukashangaa umejua kudanganya. Hilo ni letu, na nimeliombea msamaha kwa Mungu na kwa mama yako. Lakini kuna lililo lako. Ulimwona anafurahi, ukaichukua furaha yake ukaifanya fimbo."

"Nilitaka ale, babu."

"Alikula, ndiyo. Sasa ukimwambia ale kwa ajili ya afya yake, atakuamini?"

Nilitikisa kichwa.

"Ukweli unauma, Emily, lakini unauma mtu akiwa na watu wake karibu. Uongo humwacha auone ukweli peke yake, barabarani, mbele ya dereva wa bodaboda. Usimpe mtu furaha ambayo kesho itabidi umnyang'anye. Sasa nenda ukamwambie dada yako hivyo, kwa maneno yako. Akikataa kusikia, ngoja, umwambie tena."

Alikataa kusikia. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, naye akajifunika blanketi. Nilimaliza hata hivyo, nikasema nisamehe, nikatoka.

Mchana mama aliaga kurudi Nairobi. Tulimsindikiza hadi barabarani, akapanda pikipiki, akapotea kwenye kona. Kemuma alisimama akiitazama kona ile. Mimi sikuthubutu kumgusa.

"Emily," hatimaye alisema bila kunitazama. "Mama ameenda Nairobi kweli?"

"Kweli."

"Hajafa?"

"Hajafa. Ameenda kazini."

"Atarudi Ijumaa?"

Zamani ningesema ndiyo ili anyamaze. Nilifikiri kwanza. "Amesema atajaribu," nilimjibu. "Ofisi ikimkatalia, atapiga simu. Sijui kama watamkatalia. Nikijua nitakuambia siku hiyo hiyo, hata kama ni habari mbaya."

Kemuma alinitazama usoni, kwa makini, jinsi nyanya anavyokagua sarafu za mwenye duka. Kisha akanipa mkono wake, tukaanza kupanda kilima. Nyanya alikuwa nyuma yetu na alikuwa amesikia yote.

"Hivyo ndivyo," alisema. "Mtoto akiambiwa ukweli, hata kama analia, anajua ni nani wa kumlilia na ni nani wa kumngoja."